Istilahi za Uchanganuzi wa Tabia katika Kiswahili: Matatizo ya Dhana na Mapendekezo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzichunguza istilahi za msingi za taaluma ya uchanganuzi tumizi wa tabia, na kupendekeza namna zinavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kupoteza maana yake. Taaluma hii ndiyo msingi wa mbinu nyingi zinazotumiwa kuwafundisha watoto wenye usonji, pamoja na wengine wanaochelewa kusema, kujilisha au kujivika. Wataalamu wake ni wachache. Kazi kubwa hufanywa nyumbani na mama, baba, nyanya na yaya, na darasani na mwalimu wa kawaida. Hao ndio wanaopaswa kuelewa wanaloambiwa. Na mara nyingi huambiwa kwa Kiswahili na mtu aliyejifunza taaluma hiyo kwa Kiingereza.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linaihusu vipi idara ya lugha. Istilahi ikikosewa katika kitabu cha chuo, mwanafunzi anaweza kuisahihisha kwa kurejea kitabu kingine. Ikikosewa katika maagizo anayopewa mzazi, anayeumia ni mtoto. Tutaonyesha kwamba maneno machache ya kawaida, yaani tabia, adhabu na hasi, yanatosha kuligeuza agizo la upole likawa ruhusa ya kiboko. Hoja yetu ni kwamba tatizo la istilahi hizi si uhaba wa maneno katika Kiswahili. Tatizo ni kwamba maneno yaliyopo yamekwisha kubeba maana nyingine, hasa maana za kimaadili. Dawa yake, kwa sehemu kubwa, imo katika sarufi ya Kiswahili chenyewe, hususan katika kitenzi na viambishi vyake.

2. Chimbuko la taaluma

Mizizi ya taaluma hii imo katika majaribio ya wanyama. Mnamo 1898 Edward Thorndike alieleza jinsi paka waliofungiwa katika masanduku walivyojifunza kujifungulia: kitendo kilicholeta mafanikio kilizidi kutokea, na visivyofaa vikapungua. Kuanzia kitabu chake cha 1938, B. F. Skinner aliipanua hoja hiyo ikawa nadharia kamili. Alishikilia kwamba kinachokifanya kitendo kirudiwe ni kile kilichokifuata siku zilizopita. Mwaka 1968 jarida la kwanza la uchanganuzi tumizi wa tabia lilianzishwa Marekani, na katika toleo lake la kwanza Donald Baer, Montrose Wolf na Todd Risley wakataja sifa saba za taaluma hiyo. Miongoni mwazo ni kwamba kazi yake lazima ihusu jambo lenye maana kwa jamii, na kwamba mbinu zake zielezwe kwa uwazi kiasi cha mtu mwingine kuweza kuzirudia. Sifa hii ya pili ni sharti la kilugha, nasi tutairejea.

Umaarufu wa taaluma hii katika mafunzo ya watoto wenye usonji ulitokana hasa na utafiti wa Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, uliochapishwa mwaka 1987. Watoto 19 walifundishwa kwa muda wa saa 40 kwa juma, kwa miaka miwili au zaidi, na 9 kati yao wakaelezwa kuwa walifikia kiwango cha watoto wengine katika akili na katika darasa la kwanza. Utafiti huo umepingwa kwa sababu watoto hawakugawanywa katika makundi kwa njia ya kura. Kadhalika, miongoni mwa mbinu zilizotumiwa mlikuwamo kukemea kwa sauti kubwa na kumpiga mtoto kofi pajani. Tangu hapo watu wazima wenye usonji wamekuwa wakilalamika kwamba mafunzo ya namna hiyo yalilenga kuwafanya wafanane na wenzao kuliko kuwasaidia. Mfasiri hana budi kuijua historia hii, kwani maneno atakayoyachagua yanaweza kuyafufua mambo ambayo wengi katika taaluma yenyewe wamekwisha kuyaacha.

3. Neno "tabia"

Tatizo la kwanza limo katika jina la taaluma. Neno tabia lina asili ya Kiarabu, na huko lilikotoka lahusu maumbile. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo: twasema tabia ya nchi tukikusudia hali yake ya hewa ya kudumu, na wahenga walisema kwamba tabia ni ngozi, yaani haivuliwi. Mtu akiambiwa kwamba mwanawe ana tatizo la tabia, husikia kwamba mtoto ana kasoro ya nafsi, na labda kwamba malezi yake yana aibu.

Katika uchanganuzi tunaouzungumzia maana ni kinyume kabisa. Hapo tabia ni jambo lolote analolifanya kiumbe hai ambalo mwingine anaweza kuliona, kulihesabu au kulipima muda wake. Kunywa maji ni tabia. Kupiga makofi ni tabia. Kulia kwa dakika kumi ni tabia. Ukaidi, utundu na kiburi si tabia kwa maana hiyo, bali ni hukumu za mtazamaji. Ogden Lindsley alitoa jaribio mashuhuri la kupambanua mambo haya: lile ambalo hata maiti aweza kulifanya si tabia. Kwa hiyo "kutopiga kelele" hakuwezi kuwa lengo la mafunzo, maana hakuna ashindaye maiti kwa kunyamaza. Lengo sharti liwe kitendo, kwa mfano "kuinua mkono anapotaka kusema".

Pendekezo letu ni kuliacha neno tabia katika jina la taaluma, uchanganuzi tumizi wa tabia, kwa kuwa limekwisha kuenea na linalingana na isimu tumizi tuliyoizoea. Lakini katika maelezo ya kazi yenyewe, kipimo kiitwe kitendo. Mzazi asiulizwe, "Tabia yake ikoje?" Aulizwe, "Anafanya nini?" Swali la kwanza huzaa vivumishi na nomino: mkaidi, mtukutu, mvivu. Swali la pili huzaa vitenzi: anajitupa chini, anauma kiganja, anakimbilia mlangoni. Badiliko hili dogo la aina ya maneno ndilo hatua ya kwanza ya uchanganuzi.

4. Kitangulizi, kitendo, kifuatizi

Kila tukio huchanganuliwa katika sehemu tatu: lililotangulia, lililotendwa na lililofuata. Kwa sehemu ya kwanza kitangulizi ni istilahi nzuri. Sehemu ya tatu imekuwa ikiitwa matokeo. Istilahi hii ina dosari mbili. Kwanza, wasomaji wetu wamezoea matokeo ya mtihani na ya uchaguzi, yaani tamati ya jambo. Pili, neno hilo ladai kwamba kitendo ndicho kilichosababisha jambo lililofuata, ilhali linalotakiwa mwanzoni ni kuandika tu kilichofuata. Twapendekeza kifuatizi. Kama vile saidia inavyozaa msaidizi, na tangulia inavyozaa kitangulizi, ndivyo fuatia inavyoweza kuzaa kifuatizi. Maneno haya mawili hukaa pamoja kama pacha, na anayelifahamu moja hana shida kulikisia la pili. Umbo lenyewe si geni kwetu: twafundisha kila siku viunganishi, vivumishi na vihusishi.

Jambo la kutiliwa mkazo zaidi ni namna sarufi ya Kiswahili inavyoubeba mpangilio huu. Tazama sentensi hii:

Mwalimu alimwambia Juma atoe daftari la hesabu, akaitupa kalamu, akatolewa nje.

Kiambishi -ka- hulifunga kila tendo na lililolitangulia, pasipo kudai lolote kuhusu nia. Hayo ndiyo maandishi halisi ya uchanganuzi: kitangulizi, kitendo, kifuatizi. Sasa tazama hii:

Juma huitupa kalamu anapoambiwa atoe daftari la hesabu.

Hapa hu- yadai mazoea, na -po- yadai uhusiano wa kudumu kati ya kitangulizi na kitendo. Sentensi hii si tena kumbukumbu ya tukio, bali ni dai. Haifai kuandikwa siku ya kwanza. Yapasa iandikwe baada ya sentensi nyingi za -ka- kukusanywa na kulinganishwa. Mwalimu akipewa kanuni hii, "andika kwa -ka- kwanza, kwa hu- baadaye", amepewa kwa lugha yake tofauti kati ya data na dhana tete, tofauti ambayo vitabu huieleza kwa kurasa kadhaa.

Tukirudi kwa Juma, tuseme siku tano mfululizo zimeandikwa, na kila mara kalamu ilitupwa katika somo la hesabu, na kila mara akatolewa nje. Mwalimu asema amemwadhibu. Lakini kalamu zinazidi kutupwa. Ili kulieleza jambo hili twahitaji istilahi za sehemu ifuatayo.

5. Uimarishaji na upunguzaji

Dhana kuu ya taaluma hii ni ile ya kifuatizi kinachokifanya kitendo kizidi kutokea siku za usoni. Wapo wanaoiita zawadi au tuzo. Tafsiri hii haifai. Zawadi hutolewa na mtu, kwa mtu, na kwa hiari. Nayo hubaki zawadi hata kama haikubadili lolote. Kifuatizi tunachokizungumzia hakihitaji mtoaji: anayetikisa mwembe na embe likaanguka atautikisa tena. Tena hujulikana kwa kazi yake tu. Peremende ambayo haikukizidisha kitendo siyo kifuatizi cha aina hii, japo ilikuwa tamu. Kwa hiyo twaunga mkono uimarishaji kwa mchakato na kiimarishi kwa kitu chenyewe.

Hapa pana jambo la sarufi ambalo mfasiri asipoliangalia atapotosha nadharia. Kinachoimarishwa ni kitendo, si mtoto. Kiswahili hulazimika kuonyesha tofauti hii kwa kiambishi cha mtendwa: kukiimarisha ni halali, kumwimarisha si uchanganuzi tena, bali ni kumtia mtu moyo. Yafaa maagizo yote yakaguliwe kwa kipimo hiki kidogo cha ki- na m-.

Kwa upande wa pili, kifuatizi kinachopunguza kitendo kimekuwa kikiitwa adhabu. Hapa ndipo hatari ilipo. Adhabu katika Kiswahili ni malipo ya kosa. Ina hakimu na mkosaji, na haki yake haitegemei kama mkosaji atarudia au la. Katika taaluma hii hakuna kosa wala hukumu. Kuna kupungua kwa kitendo tu. Kiboko ambacho hakikupunguza kitendo hakiwi hata "adhabu" kwa maana ya kitaalamu, ingawa kinabaki kuwa maumivu. Nchini Kenya viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 inamlinda kila mtu dhidi ya adhabu ya kikatili. Hata hivyo, mzazi au mwalimu atakayesoma kwamba "sayansi imethibitisha kuwa adhabu hupunguza tabia mbaya" atakuwa amepata wakili wa kukirudisha kiboko, tena wakili mwenye shahada. Twapendekeza upunguzaji na kipunguzi. Maneno haya ni baridi, nayo hayamsifu wala kumlaumu yeyote.

Taaluma huzigawa dhana hizi mara mbili zaidi, kwa maneno ambayo Kiswahili cha hisabati kimeyatafsiri kuwa chanya na hasi. Maana yake ni kujumlisha na kutoa: je, kifuatizi kiliongeza kitu katika mazingira, au kiliondoa? Lakini msikilizaji wa kawaida huisikia chanya kuwa nzuri na hasi kuwa mbaya. Akiambiwa "uimarishaji hasi", huelewa kuchapa. Kosa hili si la Waswahili peke yao. Hata wanafunzi wanaosoma kwa Kiingereza huteleza papo hapo, na mwaka 1975 mwanazuoni Jack Michael alihoji kama ugawaji huo unafaa kuendelea. Sisi tuna nafasi ya kuanza upya. Tuseme wazi: wa kuongeza na wa kuondoa.

(a) Uimarishaji wa kuongeza: mtoto anasema "nipe", anapewa chungwa, siku za baadaye anasema "nipe" mara nyingi zaidi.

(b) Uimarishaji wa kuondoa: mtu anafungua mwavuli, mvua inakoma kumnyea, kila inyeshapo huufungua. Hakuna aliyechapwa hapa.

(c) Upunguzaji wa kuongeza: mtoto anagusa sufuria ya moto, anapata maumivu, haigusi tena.

(d) Upunguzaji wa kuondoa: mtoto anamsukuma mwenziwe, mpira unachukuliwa kwa dakika mbili, kusukuma kunapungua.

Sasa kisa cha Juma chaeleweka. Kutolewa nje kulimwondolea hesabu, na kutupa kalamu kukazidi. Kwa hiyo kile ambacho mwalimu alikiita adhabu kilikuwa, kwa kazi yake, uimarishaji wa kuondoa. Istilahi za kimaadili zilimzuia mwalimu asilione jambo hili, kwa kuwa zilitaja nia yake na si mabadiliko ya kitendo. Suluhisho nalo hubadilika: hesabu ziwe rahisi zaidi mwanzoni, na Juma afundishwe kuomba mapumziko kwa neno au kwa ishara, apewe anapoomba.

6. Uzimaji, ufinyanzi na mnyororo

Kitendo kilichokuwa kikiimarishwa kisipoimarishwa tena hufifia. Mchakato huu twauita uzimaji, kwa kuwa moto usiotiwa kuni huzimika. Kitenzi hiki kina faida nyingine. Taa inayoishiwa na mafuta aghalabu huruka mwako kabla ya kuzimika. Vivyo hivyo kitendo kinachonyimwa kiimarishi huweza kuzidi kwa muda mfupi kabla ya kupungua. Mama aliyezoea kumpa mwanawe peremende dukani kila anapolia, siku atakapoacha, ajue kwamba kilio kitapanda kwanza. Akikubali wakati huo, atakuwa amekiimarisha kilio kikubwa kuliko kile cha awali.

Methali yetu, "Mchelea mwana kulia hulia yeye", imeliona jambo hili zamani. Lakini imekuwa ikitumiwa kuhalalisha fimbo, na kwa hiyo yataka tahadhari. Kutompa peremende si kumpiga, wala si kumtelekeza. Maagizo mengi husema "mpuuze mtoto anapolia". Hapa tena kiambishi cha mtendwa kina neno: asipuuzwe yeye, kipuuzwe kilio, na mtoto aonyeshwe njia nyingine ya kuomba. Isitoshe, kupuuza hakufai kitu pale ambapo kilio hakikuwa kikiimarishwa na kutazamwa. Na huenda mtoto analia kwa sababu sikio lamuuma.

Kufundisha kitendo kipya kwa kukubali kwanza kile kinachokikaribia, kisha kinachokikaribia zaidi, kwaweza kuitwa ufinyanzi. Mtoto asiyesema hukubaliwa kwa sauti "ma", kisha "maj", hata afikie "maji". Skinner mwenyewe alikuwa ameifananisha kazi hii na ya mchongaji anayelitia umbo donge la udongo. Hata hivyo mfinyanzi ajue kwamba udongo huu una hiari: lazima mtoto atende kwanza ndipo pawepo na cha kuimarishwa. Kufunganisha vitendo vidogo kuwa kazi moja, kama vile kufungua mfereji, kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua na kusuuza, kwaitwa mnyororo, na neno hili halina utata.

7. Usemi kama kitendo

Sehemu itakayowavutia zaidi wanaisimu ni ile ya usemi. Katika kitabu chake cha 1957 Skinner alidai kwamba usemi nao ni kitendo, na kwamba neno moja huwa vitu mbalimbali kwa kutegemea kitangulizi na kifuatizi chake. Noam Chomsky aliishambulia hoja hiyo mwaka 1959, na katika isimu shambulio lake lilipata wafuasi wengi. Lakini katika ufundishaji wa watoto wasiosema mgawanyo wa Skinner umeendelea kutumiwa, kwa kuwa humsaidia mwalimu kuona pengo lilipo.

Skinner aliunda istilahi zake kwa kuvikata vipande vya maneno ya Kiingereza: mandi kutokana na neno la kuamuru, na takti kutokana na neno la kugusana. Kwetu vipande hivyo havina maana yoyote, na kuvikopa kungekuwa kubeba mzigo usio na kitu ndani. Twapendekeza vitenzi vya kawaida. Mtoto mwenye kiu asemapo "maji" akapewa, huo ni usemi wa kuomba. Aonapo dimbwi akasema "maji", ni usemi wa kutaja. Akirudia baada ya mama, ni usemi wa mwangwi. Akiulizwa samaki huishi wapi naye akajibu, ni usemi wa kujibizana. Huenda mtoto akataja vitu mia katika picha lakini asiweze kuomba hata kimoja. Mwalimu asiyeitambua tofauti hii atasema mtoto "anajua neno", na atashangaa anapomwona akilia kwa kiu.

Mfano huu unaonyesha pia kwamba miongozo iliyoandikwa kwa Kiingereza haihamishiki hivi hivi. Jibu sahihi la swali la samaki si "maji", ni "majini". Mtoto aliyefundishwa umbo moja amekabiliwa na jingine. Kadhalika "nipe", ambalo ni neno moja kwetu, limebeba mpewa, tendo na hali ya kuomba. Mwongozo unaompandisha mtoto kutoka ombi la neno moja hadi la maneno mawili, kisha matatu, hauwezi kutumika kwa Kiswahili pasipo kuamua kwanza kama kinachohesabiwa ni maneno au mofimu. Kazi hii hawezi kuifanya mwanasaikolojia peke yake.

8. Hitimisho

Tumependekeza istilahi zifuatazo: kitendo, kitangulizi, kifuatizi, uimarishaji, upunguzaji, wa kuongeza, wa kuondoa, uzimaji, ufinyanzi, mnyororo, na semi nne za kuomba, kutaja, mwangwi na kujibizana. Takriban zote zimejengwa kwa vitenzi vinavyofahamika hata na asiyekwenda shule, na kwa viambishi ambavyo Kiswahili hakijaacha kuvitumia. Hazikuhitaji kukopwa.

Twakubali kwamba istilahi njema haziifanyi mbinu kuwa njema. Upo mjadala wa haki kuhusu ni vitendo vipi vinavyostahili kubadilishwa, na nani aamue. Mtoto anayetikisa mikono kwa furaha hamdhuru mtu. Lakini mjadala huo nao wahitaji lugha ambayo mzazi anaweza kuitumia kuuliza na kukataa. Baer na wenzake walitaka mbinu zielezwe kwa uwazi kiasi cha mtu mwingine kuweza kuzirudia. Kwa mama anayezungumza Kiswahili, sharti hilo halijatimizwa mpaka aweze kusema kwa maneno yake mwenyewe ni kitu gani kinachotendwa kwa mwanawe, kwa ajili gani, na kitakoma lini.